Siku Bashiru Alipoitwa Kaka

Mshale wa joto ulipanda kila barabara ilipoinuka na kushuka kila ilipolala, na tangu alipopita Mchinga, Sauda alikuwa akiutazama kuliko alivyoitazama barabara yenyewe. Gari lilikuwa la Kijapani, refu, la kupita popote, lenye umri wa miaka ishirini na kitu. Alilinunua kwa mfanyakazi wa mradi wa maji aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Muuzaji alimwambia injini haijaguswa, na kweli ilikuwa haijaguswa. Vilivyoguswa tangu siku hiyo, kwa fedha za Sauda, ni vingine vyote: shokapu zote nne, bushi za mbele, mpira unaoishika injini upande wa kulia, na kompresa ya kiyoyozi iliyotengenezwa mara moja ikafa mara mbili. Gari lilikuwa limekwisha kula nusu ya bei yake.

Sauda alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali mjini Lindi, mwanamke wa miaka arobaini na mbili aliyezoea kwamba kitu kikishapimwa ubishi umekwisha. Safari hii hakuipanga. Madaktari wa macho waliokuja kutoka nje ya mkoa walikuwa wapasue hadi Jumamosi, lakini asubuhi hiyo lilitoka tangazo kwamba wanamaliza kesho. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa Njinjo na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwaka uliopita madaktari haohao walikuja wakaondoka bila kumwona, kwa sababu gari la Sauda lilikuwa juu ya mawe likisubiri shokapu. Mwaka huu Bi Somoe alikuwa hatofautishi tena mlango na dirisha. Basi dogo la Njinjo huondoka alfajiri, na habari ilipofika lilikuwa limeshapita. Pikipiki Bi Somoe alikuwa ameziapia, tangu imwangushe moja na kumvunja kifundo cha mkono. Lilibaki gari.

Alipofika Nangurukuru alikata kona kuingia gereji ya Bashiru, nyuma ya vibanda vya chakula.

"Innalillahi," alisema Bashiru kabla gari halijasimama, mkono kifuani. "Marehemu kaja mwenyewe, tena anatembea."

"Shika adabu yako. Nitilie maji, naenda Njinjo kumchukua mama."

"Maji ya kunywa au ya kuoshea maiti?"

Bashiru alikuwa mtoto wa mjomba wake Sauda, mzee Mfaume wa Kilwa Kivinje. Kwao, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, na utani wao hauna likizo. Alimwita Sauda mke wangu tangu Sauda akiwa na miaka saba. Sauda alimwita mume suruali, na majina mengine ambayo asingeyatamka hospitalini. Hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Ukikasirika unatozwa faini, na faini nayo inakuwa utani mpya.

Bashiru aliinua boneti, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Akapanua pua tena.

"Mke wangu, humu umepika nini?"

"Rejeta ilikuwa inavuja. Fundi wa Lindi akatia manjano yazibe."

"Manjano! Lusia! We Lusia! Njoo umwone mwenzio, anakunyang'anya wateja. Anapika pilau kwenye rejeta!"

Lusia, mama wa Kimakonde aliyeuza wali kwenye kibanda cha jirani, alichungulia na mwiko mkononi. "Nyama kaweka?"

"Nyama ni yeye mwenyewe, anakaa mbele." Bashiru alisubiri injini ipoe kidogo, akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akaongeza maji, akamwambia Sauda awashe. Aliinama juu ya mdomo wa rejeta kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu. Alipoinuka alikuwa anatabasamu. "Basi ndiyo hivyo. Marehemu anapumulia majini. Gasketi imekwenda na maji. Ukienda naye Njinjo utarudi umembeba kichwani, na mimi sioi mwanamke mwenye kipara."

"Unasema kweli au unatania?"

"Lini nimekudanganya mke wangu?"

Swali hilo Sauda alikuwa na jibu lake. Mwaka jana Bashiru alitangaza kwamba giaboksi imekufa, akapita kwa ndugu wa Kivinje kuchangisha rambirambi, na giaboksi mpaka leo ilikuwa inabadili gia. Kabla ya hapo alitangaza kifo cha pampu ya mafuta. Kabla ya pampu, kifo cha stata. Mtu mwenye rekodi hiyo huwezi kumsikiliza kama kipimo. Angetaka kuhakikisha angeweza kuinama naye juu ya rejeta, akaona kama kweli kuna mapovu. Ni kazi aliyoifanya maisha yake yote, kuinama na kutazama. Lakini siku hiyo alitazama saa.

"Liache hapa," Bashiru alisema, "nikutafutie usafiri mwingine."

"Usafiri gani?"

"Nina punda wa harusi. Anachechemea, lakini anajua njia ya kwenu."

Sauda akaingia garini na kufunga mlango. Bashiru alishika dirisha. "Mshale ukizidi nusu, washa hita mpaka mwisho. Joto la injini litatokea ndani kwako." Hilo alilisema bila mapambo, na kwa sababu halikuwa na mapambo Sauda alilichukua. Mengine aliyaacha palepale gereji na moshi wake.

Njia ya Njinjo ilikuwa kavu, vumbi jekundu, na pembeni ufuta uliokatwa ulikuwa umesimamishwa mashambani kwa mafungu. Mshale ulipanda ukavuka nusu, akawasha hita, ukarudi. Akajiambia kwamba kitu kinachorudi kikisukumwa bado ni kizima. Hata hivyo mkono wake wa kushoto haukutulia. Uligusa swichi ya hita, ukagusa simu, ukarudi kwenye usukani, ukagusa swichi tena.

Bi Somoe alikuwa amekaa barazani tangu alipopigiwa simu kupitia kwa jirani, ameshavaa, kikapu cha ufuta kati ya miguu.

"Ufuta wa nini, mama?"

"Wa madaktari. Mtu akufungue macho uende mikono mitupu?"

"Madaktari hawapokei ufuta."

"Hawajapewa."

Sauda alimpakia mama na ufuta. Gari lilipowaka lilitetemeka mara mbili kabla ya kutulia, na nyuma yake ukatoka moshi mweupe uliochelewa kupotea. Aliuona kwenye kioo. Aliuona na akaondoka.

Hawajafika mbali, mshale ulivuka nusu. Hita ikawashwa mpaka mwisho, madirisha yote wazi, na bado ndani palikuwa kama ndani ya tanuri. Bi Somoe alijipepea kwa upindo wa kanga.

"Sauda, umeniweka jikoni?"

"Naipunguzia injini joto, mama."

"Unaipunguzia unaniongezea mimi. Kati yangu na injini nani kakuzaa?"

"Vumilia mpaka Nangurukuru."

"Nimevumilia leba yako siku mbili. Navumilia na hili."

Walipita kijiji kimoja, wakapita daraja dogo, na Sauda akaanza kuhesabu kimoyomoyo vilima vilivyobaki, akapotea kwenye hesabu, akaanza upya. Kisha, kwenye mwinuko mrefu kabla ya Migeregere, Bi Somoe akashusha pumzi na kuegemea kiti.

"Haya, sasa hii ndiyo hewa. Ungefanya hivi tangu Njinjo."

Sauda hakuwa amefanya kitu. Alitazama mshale. Ulikuwa umeshuka chini ya nusu, chini kuliko ulivyokuwa tangu asubuhi, tena kwenye mwinuko. Kwa muda mfupi alifurahi. Halafu akapeleka mkono kwenye tundu la hita. Upepo ulikuwa wa baridi, na swichi ilikuwa bado mwisho wa moto.

Alifikiri kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Hita haina moto wake, inaazima joto kwenye maji ya injini. Ikitoa baridi, maji hayafiki. Na mshale nao haupimi chuma, unapima maji yanayopita kwenye kijipimio chake. Maji yakiisha, kijipimio kinaning'inia hewani na mshale unashuka. Maabarani, sampuli isipofika kwenye mashine, mashine huandika sifuri, na anayeisoma sifuri hiyo kama jibu anafukuzwa kazi.

Alizima injini palepale, akaliacha gari lijiburute hadi ukingoni.

Chini ya boneti chuma kilikuwa kinalia taratibu, na harufu ya manjano yaliyoungua ikaingia madirishani.

"Tumefika?" Bi Somoe aliuliza.

"Bado, mama."

"Basi anayepika ni nani?"

Sauda alishuka. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, akapanda juu ya tuta la udongo kando ya barabara mpaka simu ikashika. Nyuma yake dirisha la mama lilikuwa wazi.

"Keshazikwa?" Bashiru alipokea.

"Bashiru, gari limeishiwa maji, nimelizima. Niko kabla ya Migeregere, na mama yumo."

"Mpe pole. Mwambie mkwewe anakuja na sanda."

"Sitanii."

"Ehee! Umeanza kujifunza." Bashiru alicheka. "Mimi sidanganyiki mara mbili, mke wangu. Ulinileta mpaka Kiranjeranje na spana zangu, nikakukuta umekaa unakula korosho."

Ilikuwa kweli. Alimfanyia hivyo mwaka juzi, kulipa kisasi cha pampu ya mafuta, na ukoo mzima ulicheka mwezi mzima. Sasa alisimama juu ya tuta na hakuona neno la kutumia. Kila neno zito alilolijua walikwisha kulichezea. Acha utani lilikuwa sehemu ya utani. Wallahi nayo walishaichezea, na Mungu awasamehe. Barabara ilikuwa tupu pande zote, jua limeanza kulegea, na basi la mwisho la kwenda Lindi lisingemsubiri mtu Nangurukuru.

"Kaka Bashiru," alisema, kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Nakuomba."

Upande wa pili nyundo iliyokuwa ikigonga bati ilinyamaza.

"Naam, dada," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Umezima kabla halijaanza kugonga?"

"Kabla. Hita ilitoa baridi, nikazima."

"Usifungue kifuniko. Usitie maji hata tone. Nakuja."

Sauda aliporudi garini, mama yake alikuwa ameacha kujipepea.

"Umemwita nani kaka?"

"Bashiru."

"Bashiru huyu wa Mfaume?"

"Huyohuyo. Gari limeharibika, anakuja kutuchukua."

"Gari linaharibika kila siku." Bi Somoe alitazama mbele, pale macho yake yalipokuwa yanaona weupe tu. "Kwenye arobaini ya baba yako Bashiru alijifunga kanga yako, akalala mlangoni, akadai mahari yake irudi ndiyo watu wale. Siku hiyo hukumwita kaka. Leo kafa nani?"

"Hajafa mtu, mama."

"Mfaume ana kifua tangu mfungo."

"Mjomba hajambo."

"Mpigie nimsikie."

Lakini mzee Mfaume hakutaka simu maisha yake yote. Aliyemtaka alimpata kupitia Bashiru. Sauda alieleza hivyo, kisha akaeleza gasketi ni nini, maji yanapita wapi, kwa nini mshale ulishuka. Alieleza vizuri. Bi Somoe alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akatoa tasbihi kwenye kikapu cha ufuta.

Bashiru alifika na pikapu nyeupe isiyokuwa yake. Sauda aliitambua. Ilikuwa gerejini asubuhi, imeachwa na mteja kufanyiwa breki. Siku nyingine angemwuliza kama mwenye gari anajua. Leo alifungua mlango.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Baba yako hajambo?"

"Hajambo, shangazi."

Alijibu akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya chini, na Sauda alijua sababu. Bashiru aliyaona yale mapovu, na alikuwa na aibu. Bi Somoe hakujua habari ya mapovu. Alichosikia ni mtoto wa kaka yake akizungumza kama watu wanavyozungumza mlangoni penye turubai la msiba. Akajiwekea mkono kifuani.

"Dada," Bashiru alisema, "nikilivuta sasa tutakwenda mwendo wa mguu na basi litatupita. Tukiliacha, siahidi kama nitalikuta na betri."

"Liache."

"Na matairi je?"

"Nimesema liache. Tupakie mama."

Basi la Lindi walilipata kwa shida, injini yake inanguruma, kondakta anagonga ubavu wa bodi. Bashiru alimpandisha shangazi yake kwa mikono miwili, akamlipia Sauda maji ya kunywa, akasema safari njema dada. Njia yote mpaka Lindi vidole vya Bi Somoe vilikuwa vinasukuma punje za tasbihi, na vya Sauda vinasukuma kamba ya mkoba, nyuma na mbele, nyuma na mbele. Usiku, nyumbani kwa Sauda mtaa wa Rasbura, mama aliombea marehemu ambaye hakumtaja jina.

Asubuhi muuguzi Scholastica alimfunga Bi Somoe mkanda wa presha, akaupuliza, akatazama, akaupuliza tena kwenye mkono wa pili.

"Mia moja tisini na sita kwa mia na kumi na mbili," alimwambia Sauda pembeni. "Unajua mwenyewe. Na hii hawamwingizi."

"Huwa hana presha."

"Leo anayo. Nimpe dawa apumzike, nimpime tena. Lakini orodha ni fupi, na saa nane wanafunga masanduku yao. Kuna kitu kinamsumbua?"

Sauda alirudi kwenye benchi, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, naapa kwa Mungu, mjomba Mfaume ni mzima."

"Usiape." Bi Somoe hakukasirika. "Mgonjwa hufichwa msiba. Mimi mwenyewe nilikuficha. Baba yako alikufa Jumatatu, nawe ulikuwa na mtihani mpaka Ijumaa. Ulipiga simu nikakwambia kalala. Nilikosea?"

"Hukukosea."

"Basi na wewe hukosei. Ila msinifungue macho nikaanze kuona kaburi la kaka yangu. Nirudishe nyumbani."

Hapo Sauda alikuwa hana kipimo cha kumwonyesha. Kila alichosema kingekuwa ndicho hasa mtu anayeficha msiba angesema. Alitoka kwenye korido, akatembea mpaka mwisho, akarudi, akatembea tena, akapiga simu.

"Shikamoo dada," alisema Bashiru, ambaye alikuwa amemzidi miaka mitatu.

"Acha hiyo. Gari?"

"Nililirudia jana hiyohiyo nikalivuta. Betri ipo. Nimefungua alfajiri, nakutayarishia maelezo kwa utaratibu. Silinda hedi..."

"Baadaye. Mama anaamini mjomba amekufa, na kungoja afuatwe Kivinje hakuna muda. Presha imepanda, hawampasui. Bashiru, nitukane."

"Nini?"

"Naweka spika. Nitukane kama siku zote."

"Siwezi, dada. Niliyaona mapovu. Niliyaona vizuri, nikayafanya mchezo, nikakuachia uende na shangazi yangu."

"Nami niliuliza kweli au utani badala ya kuinama nikaangalia. Tutagombana siku nyingine. Sasa nitukane."

Alirudi kwenye benchi, simu mbele yake kama trei ya sindano. "Mama, Bashiru huyu."

"Habari ya asubuhi, mke wangu," ilisema simu. "Natumaini u mzima. Mimi mumeo nimekukumbuka sana."

Bi Somoe alisikiliza akiwa ameinamisha sikio. Halafu akatikisa kichwa. "Anasoma," alisema. "Mtu kamwandikia. Masikini Mfaume wangu."

Sauda alihisi damu inampanda yeye mwenyewe. Alitaka kukata. Akaisogeza simu mdomoni.

"Bashiru, ile pikapu nyeupe ya jana, mwenyewe anajua?"

Upande wa pili spana ilianguka.

"Au nimpigie mimi? Namba yake imeandikwa mlangoni, nimeishika kichwani. Nimwambie gari lake la breki limekwenda kubeba wakwe Migeregere?"

"We mwanamke!" Sauti ilitoka juu, halisi, imejaa hofu. "Unataka nifungwe? Nimekubeba wewe, nimembeba mama yako, nimebeba na gunia la ufuta, halafu unanishtaki? Ndiyo maana nikakataa kukuoa! Ndoa ya siku moja tu, umeshanipeleka polisi!"

Bi Somoe aliinua kichwa.

"Hukukataa," alisema Sauda. "Ulinyimwa. Mjomba mwenyewe alisema hawezi kumpa mtoto wa watu mwanamume anayenuka grisi."

"Baba yangu? Baba yangu leo kaamka ananiuliza uko wapi ufuta wa dada yake. Anasema Somoe kapita Nangurukuru na kikapu, kaenda kuwahonga madaktari, yeye ndugu wa tumbo moja anakufa njaa Kivinje. Amekula mikate minne ya kumimina, akasema hiyo ni ya kupozea hasira."

"Minne!" Bi Somoe alisema. "Mlafi huyo."

"Tena akaomba na wa tano, shangazi."

"Tangu mdogo. Alikuwa anakula kisha anakwenda kwa jirani kusema hatukupika." Kifua chake kilitikisika, kikatikisika tena, na kicheko kikatoka mwishoni kama kikohozi. "Huyo ndiye Mfaume. Na wewe Bashiru, maiti ya gari la mke wako umeipeleka wapi?"

"Nimeipasua, shangazi. Mimi na madaktari wenu tunapasua siku moja. Kichwa cha injini kimepinda, kimepinda kama kofia ya bwana harusi aliyekimbiwa. Ndani nimekuta manjano yameganda kwenye njia za maji, unaweza ukayakwangua ukaunga mchuzi. Mazishi yake si ya kimasikini: kukinyoosha kichwa kwa mashine, gasketi mpya, rejeta ya mtumba, ubani na mikono yangu, laki saba na themanini. Akitaka kufufuliwa na injini nyingine kutoka Dar, milioni mbili na laki nane. Mke wangu hana, najua, ndiyo maana nataka mbuzi."

"Mbuzi wa Njinjo humpati," alisema Bi Somoe akijifuta macho kwa kanga. "Utapewa jogoo."

Scholastica alikuwa amesimama nyuma yao na mkanda wake. Aliwaacha wacheke mpaka wachoke, akampa Bi Somoe dawa, akamlaza kitandani. Sauda alisimama dirishani, akakaa, akasimama. Mgonjwa mmoja aliitwa, akaitwa mwingine. Scholastica alipompima tena alitazama saa ya kipimo kwa muda, akaandika kwanza, ndipo akasema.

"Mia na hamsini na nane kwa tisini."

"Rudia," alisema Sauda.

Akarudia. Ilikuwa mia na hamsini na sita.

Walimvua Bi Somoe hereni, wakamvika kofia ya kitambaa, wakamwekea matone kwenye jicho la kulia, kwa kuwa mwaka huu walikuwa wanaanza na jicho moja. Akiwa kwenye machela alinyoosha mkono akitafuta hewani mpaka Sauda akaushika.

"Kikapu changu usikiache mbali. Madaktari wakitoka, wape."

"Nitawapa, mama."

Milango ikafungwa, na juu yake taa nyekundu ikawaka. Sauda alibaki na viatu vya mama yake mkono mmoja na simu mkono wa pili. Simu ilikuwa bado moto. Aliiweka sikioni baada ya kupiga tena.

"Ameingia," alisema.

Bashiru alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi."

"Ile laki saba na themanini, ilikuwa utani?"

"Mazishi ndiyo utani. Laki saba na themanini ni kweli."

"Na kichwa kupinda?"

"Nimeweka rula nikaona mwanga chini yake. Unaweza kuja kutazama mwenyewe."

"Nitakuja kutazama mwenyewe," alisema Sauda. "Kukinyoosha tu, inatosha? Injini haikuungua?"

"Kuta za silinda safi. Ungekwenda kilomita mbili zaidi, sasa tungekuwa tunaongea injini nyingine."

Sauda alifikiri kidogo, macho yakiwa kwenye taa nyekundu. "Peleka kichwa kikanyooshwe. Na mwenye pikapu umwambie mwenyewe leo, kabla sijampigia mimi."

"Huo nao ni utani, au?"

Muuguzi mmoja alipita haraka na trei iliyofunikwa, akausukuma mlango kwa bega, ukafunguka kiasi cha kuonyesha miguu ya Bi Somoe chini ya shuka la kijani, imetulia. "Inama utazame mwenyewe, mume suruali," alisema Sauda, akakata simu, akasogea karibu na mlango.